Kukaa ukutani kwa ajili ya presha: mwongozo wa wiki 12, kuanzia mashine hadi daftari

Zoezi lenyewe halina siri. Unaegemea ukuta, unateremka polepole kama mtu anayekwenda kuketi, halafu unabaki hapohapo dakika 2, mapaja yakiwaka moto. Unapumzika, unarudia, mpaka zitimie mara 4. Waliosoma bweni watalikumbuka kama adhabu ya kukalia kiti kisichokuwepo.

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Canterbury Christ Church, Uingereza, pamoja na wenzao walichapisha uchambuzi katika jarida la British Journal of Sports Medicine. Walikusanya majaribio 270 yenye jumla ya watu 15,827, wakalinganisha aina 5 za mazoezi: ya pumzi kama kutembea, kukimbia na baiskeli, ya kunyanyua vyuma, mchanganyiko wa hayo mawili, ya kasi kali yenye vituo vya kupumzika, na ya isometriki, yaani yale ambayo misuli inakaza huku kiungo hakisogei. Aina zote zilishusha presha. Isometriki ndiyo iliyoongoza: wastani wa 8.24 (kwa milimita za zebaki, kipimo cha presha) kwenye namba ya juu na 4.00 kwenye namba ya chini. Mazoezi ya pumzi yalishusha 4.49 na 2.53. Na ndani ya isometriki, kukaa ukutani ndiko kulikopata alama kubwa zaidi kwa namba ya juu.

Mimi ni mfiziotherapia. Siku zangu nyingi hupita na watu wanaojifunza upya kushika kijiko baada ya kiharusi, na wengi wao presha waliijua, ila haikuwauma, basi wakaiacha. Kwa hiyo zoezi la dakika 8 lisilohitaji uwanja, vyuma wala nauli lilinivutia mara moja. Nimelitumia na wagonjwa, na mwenyewe nalifanya. Mwongozo huu ni kwa mtu mzima mwenye presha ya kupanda, au anayeelekea huko, anayetaka kulijaribu kwa utaratibu.

Neno moja kabla ya ukuta. Vichwa vya habari vilisema zoezi hili "linashinda kukimbia". Kwa namba ya juu ya presha, kwa wastani, sawa. Lakini majaribio ya isometriki ni machache mno yakilinganishwa na yale ya pumzi, na mengi yalikwenda wiki chache tu. Kilichopimwa ni presha. Idadi ya viharusi na vifo haikupimwa. Kutembea kunagusa pia sukari, mapafu, uzito na usingizi. Mwaka 1953 Jerry Morris na wenzake walionyesha kwamba makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London, waliopanda na kushuka ngazi kutwa, waliugua moyo kidogo kuliko madereva wao waliokuwa wameketi. Konda wa daladala anayening'inia mlangoni huenda ana bahati hiyohiyo, akinusurika na mlango. Ukuta basi unaongezwa juu ya kutembea. Haukufuti.

Kwa nini misuli iliyotulia ishushe presha

Ukikaa ukutani, misuli ya mapaja inakaza bila kulegea, na inabana mishipa ya damu iliyopita ndani yake. Damu inapita kwa shida. Moyo unalijua hilo na unasukuma kwa nguvu zaidi, kwa hiyo katikati ya zoezi presha yako inapanda. Usishangae. Unaposimama, mbano unaachia na damu inarudi kwa kishindo. Mkwaruzo wa damu ile kwenye ngozi ya ndani ya mishipa unaifanya itoe naitriki oksaidi, kemikali inayoilegeza na kuipanua mishipa. Ukirudia wiki baada ya wiki, mishipa inajifunza kutanuka vizuri zaidi, na mfumo wa neva unaoendesha moyo bila kukuuliza unapunguza ukali wake.

Maelezo haya yanabeba onyo ndani yake. Ikiwa presha hupanda wakati wa zoezi, basi yupo mtu ambaye hatakiwi kulianza leo.

Nani asianze bila daktari

Presha yako ikiwa inasoma 180 au zaidi juu, au 110 au zaidi chini, dawa kwanza, ukuta baadaye. Vivyo hivyo kama umepata mshtuko wa moyo au kiharusi miezi ya karibuni, una maumivu ya kifua ukijitahidi, uvimbe kwenye mshipa mkubwa wa damu, ngiri, au umeambiwa kisukari kimeharibu mishipa ya macho. Mjamzito naye asubiri ushauri wa kliniki yake. Hawa wote wanaweza kuja kuruhusiwa, pengine kwa zoezi jepesi zaidi, lakini ruhusa itoke kwa anayewatibu.

Na kama sasa hivi unasoma hili huku mdomo umepinda, mkono umelegea, au maneno yanakorogeka, hakuna zoezi wala kipimo cha kurudia: hospitali, papo hapo. Pia presha ya 180/120 na kuendelea ikiambatana na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, au kichwa kuuma vibaya na macho kuona giza.

Wiki ya sifuri: pima kama fundi

Hapa nitakaa muda mrefu, maana ndipo watu wengi wanapoharibu kazi yote. Shangazi yangu alirudi kutoka kliniki moja na 158 juu, amekata tamaa. Nikamuuliza alivyopimwa. Alikuwa ametoka kushuka bodaboda, mkono wa gauni umekunjwa ukambana begani, mkono unaning'inia pembeni, na muuguzi anamuuliza habari za watoto naye anajibu. Nyumbani, baada ya kumkalisha vizuri, mashine ilisoma 141. Presha anayo kweli. Lakini 158 ile ilikuwa nusu presha, nusu bodaboda.

Tofauti hizi zimepimwa. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, waliwapima watu wazima 133 mikono ikiwa katika mikao tofauti. Mkono uliolazwa mapajani ulizidisha namba zote mbili kwa takriban 4. Mkono ulioning'inia pembeni ulizidisha namba ya juu kwa 6.5 na ya chini kwa 4.4. Chukua namba hizo uzilinganishe na zile 8 za isometriki. Unaweza "kupona" kwa kubadilisha mkao wa mkono tu, au ukakata tamaa kwa kosa hilohilo.

Mkanda wa mashine nao una saizi. Utafiti mwingine wa chuo hichohicho, wa mwaka 2023, ulikuta kwamba mtu mwenye mkono mnene sana akipimwa kwa mkanda wa kawaida, namba ya juu inazidi karibu 20. Chukua tepu ya fundi cherehani, pima mzunguko wa mkono katikati ya bega na kiwiko, kisha soma vipimo vilivyochapwa kwenye mkanda. Usipoingia humo, tafuta mkanda mkubwa zaidi. Nunua mashine ya kufunga juu ya kiwiko. Za kifundo cha mkono ziache dukani.

Sasa kupima kwenyewe. Nusu saa kabla usinywe kahawa wala chai ya rangi kali, usivute sigara, usifanye mazoezi. Nenda haja ndogo, kwani kibofu kilichojaa hupandisha. Keti kwenye kiti chenye egemeo, miguu yote miwili chini, usiikunje nne. Mkono uwe wazi, umelazwa mezani, mkanda ukiwa usawa wa moyo. Meza ikiwa fupi weka mto au khanga iliyokunjwa. Kaa kimya dakika 5. Kimya ni kimya: simu iwe chumba kingine. Pima, subiri dakika 1, pima tena. Andika zote mbili, hata ile usiyoipenda.

Fanya hivyo asubuhi kabla ya dawa na chai, na jioni, kwa siku 7. Siku ya kwanza itupe, maana mashine mpya humtia mtu wasiwasi. Zilizobaki ni vipimo 24. Jumlisha namba za juu ugawanye kwa 24, na za chini vivyo hivyo. Huo wastani ndio mwanzo wako. Kwa vipimo vya nyumbani, 135/85 na kuendelea huhesabiwa presha ya kupanda. Kliniki mstari huwa 140/90.

Uvumilivu wa siku hizi 7 una sababu nyingine. Mtu huanza mazoezi siku aliyokuta namba ya kutisha. Namba ya kutisha, mara nyingi, kesho yake hushuka yenyewe, kwa kuwa presha hupanda na kushuka kutwa. Asiye na wastani wa mwanzo atausifu ukuta, au kitunguu saumu, au maombi ya jirani, kwa kazi ambayo haikufanywa na yeyote.

Siku ya kwanza ukutani

Chagua ukuta mgumu na laini, sio uliopakwa chokaa inayobanduka, utatoka na mgongo mweupe. Sakafu isiteleze. Penye tailizi vaa raba au kanyaga peku; kandambili hapana, na soksi ndizo hatari kuliko zote. Kinamama, dera linatatiza, vaeni suruali au sketi fupi ya ndani. Weka kiti imara ubavuni, cha kushika wakati wa kuinuka. Simu iwekwe saa ya kuhesabu dakika 2.

Simama, visigino vikiwa hatua moja fupi mbele ya ukuta, miguu imeachana upana wa mabega. Egemeza mgongo na makalio. Teremka kidogo tu, kama mtu anayeketi kwenye stuli ndefu ya kaunta. Juu zaidi ya kiti cha kawaida, kwa leo. Angalia goti: ugoko uwe umesimama wima, goti lisipite vidole vya mguu. Likipita, sogeza miguu mbele. Mikono ining'inie au ipumzike ukutani. Ukiiegemeza mapajani umejidanganya.

Halafu pumua. Hili ndilo sharti ambalo sina mzaha nalo. Mtu anapokaza misuli hujikuta ameziba pumzi kama anayenyanyua gunia, na pumzi iliyozibwa hupandisha presha kwa kasi. Hesabu kwa sauti, imba, soma dua, piga soga na mtoto. Sauti ikitoka, pumzi inatoka. Ukishindwa kusema sentensi nzima, umeshuka mno.

Dakika 2 zikitimia, usisimame kwa kuruka. Shika kiti, sukuma ukuta kwa mikono, inuka taratibu. Tembeatembea chumbani dakika 2. Rudia mpaka mara 4. Jumla ni dakika 8 za kazi na 6 za mapumziko, na ukimaliza tembea tena dakika 2 au 3, hasa kama unatumia dawa za presha: wengine huona kizunguzungu mara tu baada ya zoezi kwa kuwa mishipa imelegea ghafla.

Ugumu upimeje? Maabara hutafuta pembe ya goti ya kila mtu kwa kumfuata mapigo ya moyo. Nyumbani tumia kipimo cha 0 hadi 10, ambapo 0 ni kuketi na 10 ni kutoweza tena. Raundi ya kwanza iwe kama 4, ya pili 5, ya tatu 6, ya nne ifike 7 au 8. Mapaja yatetemeke mwishoni mwa raundi ya nne. Yakitetemeka kwenye ya kwanza, panda juu kidogo. Saa za mkononi zinazohesabu mapigo zitakupotosha ikiwa unameza atenololi au dawa za jamii yake, kwani dawa hizo huzuia mapigo kwenda mbio. Amini mapaja na pumzi.

Sasa ujanja wa chaki. Ukiwa umeteremka, mwambie mtu aweke alama ukutani usawa wa utosi wako, na alama nyingine sakafuni mbele ya vidole. Hiyo ndiyo pembe yako ya leo, na keshokutwa utarudi hapohapo bila kubahatisha.

Wiki ya 1 hadi ya 12

Mara 3 kwa wiki, siku moja ikipita katikati: Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, au vyovyote ratiba yako ilivyo. Kila siku hakuhitajiki, na sijaona faida ya kujilazimisha.

Wiki 2 za mwanzo kaa kwenye alama ileile hata kama unahisi rahisi. Misuli hukomaa upesi, ila magoti yanachelewa. Kuanzia wiki ya 3, raundi ya nne ikiisha ukiwa chini ya 7, futa alama, shusha nyingine upana wa vidole viwili. Kaa hapo walau wiki nzima. Wengi wataishia mahali fulani kati ya stuli na kiti cha kawaida, na hapo panatosha. Kufika mapaja sawasawa na sakafu si shabaha. Wajukuu watafika, waache.

Usiku ulipolala vibaya, ukiwa na homa, au asubuhi hiyo mashine imesoma 180 au zaidi juu, au 110 au zaidi chini, ruka zoezi. Ukiwa katikati na kifua kikabana, moyo ukadunda ovyo, kichwa kikapasuka ghafla au macho yakaingia giza, inuka, keti, na siku hiyo imekwisha. Nenda ukaonwe kabla ya kurudi ukutani.

Siku za katikati, tembea. Dakika 30, mwendo wa kuwahi basi lakini bado unaweza kuongea.

Goti likilalamika

Mapaja kuwaka ni kazi. Goti kuchoma kwa mbele au kwa ndani ni ujumbe. Kwanza panda juu vidole vinne, kisha sogeza miguu mbele zaidi na uhakikishe magoti hayaelekeani ndani. Mara nyingi inaisha hapo.

Kosa ninalolikuta sana ni hili: goti linauma, mtu anapita duka la dawa, anachukua diklofenaki au ibuprofeni, anameza wiki mbili ili aendelee na zoezi la presha. Dawa hizo hupandisha presha na hupunguza nguvu ya baadhi ya dawa za presha, na kwa mwenye figo dhaifu zina madhara zaidi. Anachoshusha ukutani anakipandisha kwa kidonge. Parasetamoli kwa muda mfupi, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, au pumzika.

Goti likikataa kabisa, hamia mkononi. Zoezi la kukaza kiganja lilifanyiwa majaribio muda mrefu kabla ya ukuta: unabana kwa takriban asilimia 30 ya nguvu zako zote, dakika 2, mara 4, mapumziko kati yake. Kifaa cha kupimia nguvu ya kiganja kikikosekana, kunja taulo dogo, libane kwa nguvu zote mara moja ili uzijue, kisha ulegeze mpaka uhisi uko kama theluthi. Kwa namba ya juu ukuta unaushinda mkono, ila mkono unaofanya kazi ni bora kuliko goti lililovimba.

Vidonge na chumvi

Usipunguze dawa kwa sababu ya ukuta. Ili ujue uzito wa namba hizi: mwaka 2019 jaribio la CREOLE liliwahusisha Waafrika weusi 728 katika nchi 6, Kenya na Uganda zikiwemo, likilinganisha jozi za dawa. Jozi mbili zenye amlodipini ziliishinda jozi isiyo nayo kwa takriban 3 kwenye wastani wa saa 24. Tatu tu, na madaktari waliichukulia kama habari kubwa, kwa haki. Ukuta ukikupa 5 juu ya dawa yako, umepata kitu kizito. Ukiacha dawa ili kuupisha ukuta, hesabu inakugeukia.

Kwenye chumvi nitapita haraka kwa kuwa unalijua. Shirika la Afya Duniani linataka isifike gramu 5 kwa siku, chini kidogo ya kijiko cha chai kilichosawazishwa, ikijumlisha iliyojificha kwenye mkate, dagaa wa chumvi na vile vidonge vya kuungia mchuzi. Utafiti wa vijiji 600 nchini China, uliotoka mwaka 2021, uliwapa watu 20,995 chumvi ya kawaida au ile ambayo robo yake ni kloridi ya potasiamu. Walioipata hiyo ya pili, viharusi vilipungua kwa asilimia 14. Ukiiona dukani, iulizie kliniki kwanza: mwenye ugonjwa wa figo au anayemeza dawa zinazobakiza potasiamu haimfai.

Kusoma daftari

Wiki za katikati usipime kila saa. Siku 2 kwa wiki, asubuhi na jioni, zinatosha kujua uko salama. Usipime mara baada ya zoezi ukaandika kama matokeo; saa hiyo namba inayumba.

Wiki ya 12 rudia ile wiki ya vipimo vilevile: kiti kilekile, mkono uleule, siku 7, ya kwanza unaitupa. Linganisha wastani na wastani. Ukiwa ulianza na 146/90 na sasa ni 139/86, hiyo ni kazi, hata kama kipimo kimoja cha Jumanne kilisoma 151. Ukikuta imeshuka 1 au 2, usijidanganye, hiyo inaweza kuwa upepo tu. Kagua kwanza kama raundi ya nne ilikuwa inafika 7 kweli, na kama hukuruka siku. Watu 2 hufanya zoezi lilelile na mmoja asione kitu, ndiyo maana namba za utafiti huitwa wastani. Ikiwa wastani umeshuka chini ya 110 juu na unaona kizunguzungu ukisimama, hilo ni la daktari wiki hiyohiyo, huenda dozi ikahitaji kupunguzwa naye.

Siku ya kliniki beba daftari lenyewe, na mashine uiweke kwenye mfuko. Mwombe muuguzi akupime kwa ya kwao, kisha kwa yako, mkono uleule, ukiwa umekaa kimya dakika 5. Zikipishana kwa zaidi ya 10, huenda kilichohitaji matibabu ni mashine au mkanda wake.